Upande wa Mafuta

Siku Mafuta alipofariki, gari lake liliendelea kunguruma bila yeye. Dereva wa lori la maziwa, mtu mrefu aliyeitwa Twiga na kila anayemjua, alilikuta pembeni mwa barabara ya mlimani, limeegeshwa vizuri, breki ya mkono imevutwa, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu. Mafuta alikuwa amerudi kuketi nyuma ya usukani, mikono mapajani, kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke dukani. Twiga aligonga kioo. Akafungua mlango, akamwita, akamshika bega. Kisha akapitisha mkono juu ya mapaja ya marehemu, akazima ufunguo. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa. Wakati injini inanguruma aliona kama bado kuna mtu.

Daktari alisema ni moyo. Hakukuwa na ajali wala hitilafu ya gari. Moyo ulichoka ukasimama, na mwenyewe alipata muda wa kuegesha na kuweka jiwe, jambo lililomfaa mtu kama yeye, maana maisha yake yote hakuwahi kuacha gari mahali pa kuwasumbua wengine.

Jina la Mafuta alilipata kwa sababu ya kazi yake. Alizunguka mahotelini na kwenye vibanda vya viazi vya kukaanga akikusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yale meusi ambayo wengine huyamwaga mtaroni. Akiyaleta gereji aliyachuja kwa vitambaa, akayapasha moto, akayachanganya na spiriti na magadi makali, akayaacha yatulie kwenye mapipa. Yaliyoelea juu yalikuwa dizeli. Yaliyozama chini, mazito kama asali, mkewe aliyageuza sabuni. Pikapu yake ya zamani haikunywa kitu kingine. Ikipita mtaani iliacha nyuma harufu ya jikoni, na hata watu waliokuwa hawana njaa walianza kumeza mate.

Gereji ilikuwa moja, lakini ilikuwa na milango miwili. Mlango wa kulia ulikuwa wa Mafuta. Wa kushoto ulikuwa wa mdogo wake, na huyo walimwita Betri. Huko kwake sakafu ilipigwa deki kila jioni, na glavu nene za mpira zilining'inia ukutani kama za daktari wa upasuaji. Betri alikuwa fundi wa magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, ambayo kwenye foleni huzima injini yenyewe na kusonga kimyakimya. Aliyapenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wa maziwa. Yeye mwenyewe alikuwa na moja la kijivu, na kila mteja aliyekuja akisitasita alimpakia humo na kumzungusha mtaa mzima.

Ndugu hao wawili walibishana tangu gereji ilipofunguliwa. Mchana walikaa kwenye benchi moja, katikati ya milango, wakila huku wakibishana, na mafundi wa jirani walikuja na vyakula vyao ili wasipitwe.

"Gari lako linaingia uani kama mwizi," Mafuta angesema. "Mtu anageuka, limeshamfikia mgongoni. Gari lenye adabu linapiga hodi."

"Na lako likipiga hodi watu wanatoa sahani."

"Afadhali wale. Lako litakuja kufa na hiyo betri, utaizika wapi? Unajua kilichomo humo ndani?"

"Inachakatwa, kaka. Kuna watu wanazifungua, wanachukua kinachofaa."

"Wako wapi? Nionyeshe mmoja. Nitampelekea sabuni anawe mikono."

Watu walicheka. Betri naye alicheka, kisha akarudi palepale alipokuwa ameshika. "Haya, tufanye magari yote ya mji huu yanataka mafuta yako. Utayatoa wapi? Hata watu wakila viazi vya kukaanga asubuhi, mchana na jioni, hayatatosha robo yake. Wewe una suluhisho la gari moja."

"Mimi natumia kilichotupwa, kwenye gari ambalo mtu tayari analo. Wewe unamwambia maskini anunue jipya ndipo aokoe dunia."

Ubishi huo haukuwahi kwisha. Mafuta alikuwa na tabia moja: kabla ya kujibu, alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha kusafisha koo, na aliyesikia kikohozi hicho alijua jibu linakuja na halitakuwa zuri kwake.

Wiki chache kabla ya msiba, chama cha ushirika cha wasafirisha maziwa kiliwatumia ujumbe. Malori yao yalikuwa yamezeeka, dizeli ilikuwa inawamaliza, na walitaka kuamua waelekee wapi: wauze malori na kuhamia magari ya haibridi, au wayabakishe na kuyalisha mafuta ya Mafuta. Mwenyekiti wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema: "Njooni wote wawili mbele ya wanachama. Bishaneni kama mnavyobishana kwenye lile benchi lenu. Sisi tutasikiliza, kisha tutapiga kura." Mafuta alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa safari. Alimwambia mdogo wake, "Jiandae kulia mbele za watu."

Kisha akafa.

Baada ya mazishi Betri alifungua mlango wake wa kushoto, akauacha wa kulia umefungwa. Shemeji yake, mjane wa Mafuta, alikaa nyumba ya nyuma ya gereji. Alikuwa mwanamke wa kusema taratibu. Hakuombwa ahame wala hakuomba kubaki, ila siku moja Betri alipogusia kwamba mapipa yangeweza kuuzwa, alisema, "Bado, shemeji. Yaache kwanza yatulie." Ndivyo mumewe alivyokuwa akisema juu ya mafuta yaliyopikwa, na Betri hakujua kama alikusudia hilo.

Harufu ilianza alasiri moja barabarani. Betri alikuwa peke yake kwenye gari la kijivu, ametoka kununua vipuri, vioo vyote vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Taa zilikuwa nyekundu. Injini ilijizima, kama kawaida yake, gari likawa kimya kabisa. Ndipo harufu ya viazi vya kukaanga ikamjia, nzito, ya moto, kama mtu amefungua kifuniko cha karai karibu na sikio lake. Alitazama kushoto na kulia. Upande mmoja palikuwa na benki, upande wa pili ukuta. Alijiambia ni upepo. Taa zikageuka kijani, akaondoka, na injini ilipowaka harufu ikapotea.

Kesho yake ilirudi, kwenye foleni nyingine, saa ileile ambayo kaka yake alizoea kurudi kutoka mahotelini. Safari hii kulikuwa na kitu kingine. Katika ule ukimya wa mota, kutoka kiti cha nyuma, alisikia mtu akisafisha koo.

Betri hakugeuka. Vinyweleo vilimsimama mikononi, akavitazama kama si vyake. Alisubiri neno lifuate. Halikufuata. Kilibaki kile kikohozi tu, cha mtu anayetaka kuanza kubisha na hapewi nafasi.

Tangu siku hiyo alianza kuuogopa ukimya, yeye ambaye miaka yote alikuwa akiuuza. Aliwasha redio. Alifungua kiyoyozi mpaka mwisho ili kuilazimisha injini ya petroli iwake hata gari likiwa limesimama, akachoma mafuta bure, na kila alipofanya hivyo alijua jinsi Mafuta angemcheka. Mteja mmoja aliyepakiwa kwa majaribio alimwuliza, "Fundi, si ulisema halina sauti?" Betri alijibu kwamba siku hiyo lilikuwa na mafua.

Yeye hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alikuwa fundi, na fundi akisikia sauti anatafuta inakotoka. Jumamosi moja asubuhi alilisukuma gari kwenye mwanga, akavua shati, akaanza kulifungua. Alianza na mazulia. Akaja kwenye kiti cha nyuma. Pembeni ya kiti hicho kuna tundu lenye wavu, ambapo feni huvuta hewa ya ndani ya gari na kuipeleka kuipoza betri kubwa. Nyuma ya wavu kuna chujio. Alilichomoa, akakaa nalo chini.

Lilikuwa limeziba. Si kwa vumbi tu; lilikuwa na utando wa kahawia unaonata, na alipolisogeza puani ilikuwa ndiyo ile harufu yenyewe. Mafuta ya kukaangia. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Kumbe ndicho hiki. Hewa ikipita hapa kwenye joto la alasiri inabeba harufu, basi. Lakini kicheko kilikatika katikati, kwa sababu aliuliza swali lililofuata: mafuta yaliingiaje? Kaka yake hakuwahi kupanda gari hilo. Aliapa mbele ya watu kwamba hatalipanda hata akiwa kwenye jeneza, na kweli siku ya mazishi Betri alikodi gari jingine ili asimvunjie kiapo.

Shemeji alikuwa amesimama uani na ndoo ya nguo. Betri hakujua amesimama pale tangu lini.

"Alikuwa anakaa hapo," alisema.

"Nani?"

"Kaka yako. Ukitoka kujaribu magari ya wateja anaingia humo, anafunga mlango, anakaa kiti cha nyuma. Na nguo zake za kazi hivyohivyo. Wakati mwingine analala."

"Kwa nini?"

Shemeji aliweka ndoo chini. "Kifua kilikuwa kinambana. Alisema humo kuna baridi nzuri na kimya. Alisema hajapata kukaa mahali penye kimya namna ile tangu azaliwe."

"Na hukuniambia."

"Aliniapisha. Alisema ukijua kwamba anapenda gari lako, utamcheka mpaka aingie kaburini." Aliinama kuokota nguo iliyodondoka. "Ya kifua nilimwambia aende hospitali. Akasema mkutano upite kwanza."

Betri aliosha chujio kwa sabuni ya shemeji, akalikausha juani, akalirudisha. Alipangusa kiti, akaosha mazulia, akaacha milango wazi mpaka magharibi. Gari likanuka usafi. Alasiri ya pili yake, kwenye foleni ileile karibu na benki, injini ilijizima na harufu ikaja kama vile hakuna aliyegusa kitu. Na nyuma yake mtu akasafisha koo.

"Sema basi," Betri alisema kwa sauti. "Sema ulichonacho."

Gari la nyuma lilipiga honi. Taa zilikuwa zimeshakuwa kijani zamani.

Mama Mwenyekiti alipiga simu kutoa pole kwa mara nyingine na kuuliza kama mkutano uahirishwe. Betri alisema usiahirishwe. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda alitaka jambo hilo liishe. Labda, na hili alilikiri moyoni bila kulipenda, alijua kwamba sasa hana mpinzani, na kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake angemaliza hoja bila kukatizwa.

Ukumbi wa ushirika ulikuwa banda refu lenye madirisha ya juu, na ulinuka makopo ya maziwa yaliyooshwa kwa maji ya moto. Wanachama walijaa viti vya plastiki, waliokosa viti wakaegemea ukuta. Twiga alikuwa miongoni mwao, kichwa juu ya wote. Shemeji alikuja pia. Alikaa safu ya mwisho na mkoba wake mapajani, na Betri alipomfuata kumwuliza kama angependa kusema neno kwa niaba ya marehemu, alitikisa kichwa.

"Mwache aseme mwenyewe," alisema.

Betri alidhani shemeji amekosea usemi kwa ajili ya huzuni. Alirudi mbele. Huko walikuwa wameweka viti viwili, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa kimoja.

Alipewa nafasi, akasema vizuri. Alieleza jinsi mota inavyoisaidia injini pale inapokula mafuta zaidi, yaani kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, na akawakumbusha kwamba kazi ya maziwa ni hiyohiyo: nyumba hii, nyumba ile, kopo hili, kopo lile. Alieleza mteremko. Gari la kawaida likishuka mlima linachoma breki na kutupa nguvu yote hewani. Haibridi inaikusanya nguvu hiyo na kuirudisha kwenye betri. "Ninyi mnapanda na makopo matupu na mnashuka na mzigo," alisema. "Mlima wenu ni kisima cha umeme, na kila siku mnapita juu yake bila kuchota." Watu waliitikia kwa vichwa. Mmoja alipiga makofi. Betri aliketi, na alijua amewashika.

"Upande wa pili," Mama Mwenyekiti alisema kwa mazoea, akitazama kiti cha pili. Ukumbi mzima ulitulia kama maji mtungini. "Samahani," alisema. "Basi, tuombe kura."

Hapo Betri alisikia kikohozi.

Hakikutoka nyuma yake. Kilitoka kooni mwake mwenyewe. Alishika shingo. Watu wa safu ya mbele, waliomfahamu Mafuta, waliinua nyuso zao pamoja.

"Ngoja kwanza," Betri alisema, akasimama. "Haitakuwa haki. Kaka yangu angekuwa hapa angesema... angesema haya yote ni matamu, lakini hayo magari yako wapi? Lori la haibridi la kubeba makopo yenu, nani amewahi kuliona hapa? Mtaagiza vigari vidogo, mtafanya safari mara mbili." Alihama bila kujijua, akasimama mbele ya kiti cha pili. "Mdogo wangu anawaambia mlima ni kisima. Sawa. Na siku kisima kikikauka? Siku betri imekufa, nani ataifungua? Yeye peke yake. Mtu mmoja, mji mzima. Akiugua mafua, maziwa yenu yanaganda."

Kicheko kilipasuka, kisha kikazimika kwa ghafla, kwa sababu kila mtu alitambua ni nani aliyekuwa akimchekesha. Ilikuwa sauti ya Betri, ila maneno yalikuwa na mwendo wa mtu mwingine, na mkono wa kulia ulikuwa ukikata hewa vilevile ulivyokuwa ukikata kwenye benchi.

"Malori mnayo tayari," aliendelea. "Injini zake ni za zamani, hazichagui chakula. Mimi sisemi mtie mafuta yangu matupu. Huko juu asubuhi kuna baridi, mafuta matupu yanaganda kama samli, nani asiyejua? Sehemu moja yangu, sehemu nne dizeli ya kituoni. Sikutoa hilo hewani. Nimelijaribu mlimani tangu mvua zilipokatika, kwenye lori la Twiga, na Twiga mwenyewe yuko hapo. Mwulizeni kama limewahi kumzimikia."

Vichwa vyote viligeuka. Twiga alikuwa ameegemea ukuta. Sasa alikuwa amesimama wima, na uso wake ulikuwa umekwajuka.

"Ni kweli," alisema polepole. "Tulikuwa tunakutana kule juu, alfajiri, ananijazia. Ndiko alikokuwa anakuja siku ile. Halijawahi kunizimikia." Alimgeukia Betri. "Lakini fundi, alinikataza nisimwambie mtu, na wewe alikutaja kwa jina. Alisema atalitoa siku ya mkutano, akuone utakavyoshangaa. Nani alikwambia?"

Betri alifungua mdomo kujibu. Alitafuta jibu kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, mfuko huu, mfuko ule. Alipitia kila neno alilowahi kuambiwa na kaka yake na hakulikuta hilo. Akaketi, na alipoketi aligundua kiti alichokalia.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyemkaribia. Ni shemeji aliyetoka safu ya mwisho, akapita katikati ya viti bila haraka, akasimama mbele yake na kumtazama machoni kwa muda mrefu, moja baada ya jingine, kana kwamba anaangalia nani yuko ndani. Kisha akamfuta jasho kwa upindo wa nguo yake, kama alivyozoea kumfuta mumewe akitoka kwenye mapipa.

"Amemaliza," alimwambia Mama Mwenyekiti. "Pigeni kura."

Mikono iliyonyoshwa kwa ajili ya haibridi ilikuwa michache. Iliyonyoshwa kwa ajili ya mafuta ilijaa ukumbi, na mmojawapo, Betri aliona akiwa kama ndotoni, ulikuwa wake.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na shemeji kwenye gari la kijivu. Kwenye taa injini ilijizima, na Betri akaona shemeji naye ameinua kichwa, anasikiliza. Basi na yeye alikuwa akijua. Lakini hakukuwa na harufu, na kiti cha nyuma hakikutoa sauti yoyote. Ulikuwa ukimya mtupu, kama ule unaosifiwa kwenye karatasi za matangazo ya haibridi.

"Ameshuka," shemeji alisema.

Betri alikuwa amedhani siku hiyo ikija atafurahi.

Aliufungua mlango wa kulia. Ushirika ulitaka mafuta, na mtu pekee aliyewaahidi alikuwa ameongea kwa kinywa chake. Shemeji alimfundisha alichokijua: joto la kuanzia, namna ya kukoroga bila kutoa povu, muda wa kuacha yatulie. Mengine waliyakosea pamoja mpaka yakakaa sawa. Alizunguka mahotelini na pikapu ya marehemu, na wapishi walitoka na madumu yao wakisema, "Mafuta amekuja," kisha wakainamisha vichwa kwa aibu. Mara za kwanza aliwasahihisha. Baadaye aliacha. Upande wa kushoto aliufanyia kazi asubuhi, na glavu za mpira zilianza kushika utando ambao haukutoka hata kwa sabuni.

Kila alasiri, kazi ikipungua, aliingia kwenye gari la kijivu. Hakukaa mbele. Alikaa kiti cha nyuma, akafunga mlango, akawasha mota tu, na akaanza kubisha. Alisema mambo ambayo zamani yangemtoa kaka yake kwenye kaburi lolote. Alisema mafuta ya kupikia ni mchezo wa watoto. Alisema sabuni ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe, mengine yote ni moshi. Alisema hata pikapu ile ilizoea tu, haikupenda. Kisha alingoja, sikio limeelekezwa hewani. Ilisikika feni ndogo ikivuta hewa kandoni mwake, na nyuma ya hiyo hakukuwa na kitu.

Msimu wa baridi ulipoingia, Twiga alipiga simu kutoka mlimani asubuhi na mapema. Lori lilikuwa limemzimikia. Si lake tu, na jingine pia. Baridi ya mwaka huo ilikuwa kali kuliko ilivyozoeleka, na mafuta yalikuwa yameganda kwenye chujio hata kwa ule mchanganyiko.

Betri alipanda na pikapu na birika la maji ya moto. Alifika penye malori, na mahali penyewe palikuwa juu kidogo tu ya pale alipofia kaka yake. Njiani alipapita bila kusimama, ila alipunguza mwendo. Wakayapasha moto machujio, wakayabadili, wakapunguza mafuta kwenye mchanganyiko. Twiga alikuwa amejikunyata, mikono kwapani. Maziwa yalichelewa lakini hayakuharibika.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli zamani zile," Twiga alisema wakati wanafunga boneti. "Kwamba yana kikomo. Upande wako ule wa kwanza."

"Nilikuwa nasema kweli," Betri alijibu.

Malori yaliondoka, yakashuka yakiacha harufu ya jikoni kwenye ukungu. Yeye alibaki amesimama kando ya pikapu, injini ikinguruma, mlango wazi. Hoja ilikuwa mkononi mwake, nzima, yenye ushahidi, hoja aliyoitafuta miaka yote kwenye lile benchi. Alisafisha koo. Alitazama kiti cha abiria, akatazama barabara iliyokuwa inapotea juu kwenye ukungu, na hakuona wa kumwambia.

Aliingia, akateremka kurudi mjini. Shemeji alikuwa ameshawasha moto chini ya pipa.

"Yaliganda?" aliuliza.

"Yaliganda."

"Alikuwa anajua yataganda baridi ikizidi," shemeji alisema, akimpa kijiti cha kukorogea. "Alisema wewe ndiye utakayetafuta dawa yake. Koroga, kabla hayajashika chini."

Betri alikunja mikono ya shati, akaanza kukoroga.